Kofia ya Boma

Kikao cha bajeti kina desturi zake, na ya kwanza ni kuchelewa. Barua ya mwaliko husema saa tatu kamili. Ikifika saa tatu na nusu mhudumu ndiyo kwanza anafuta viti, na Mwenyekiti yuko nje anaongea na simu, mkono kiunoni, utadhani kikao ni cha watu wengine. Hilaria alikwisha kuyazoea. Alikuwa katika kipindi chake cha tatu cha udiwani, na miaka yote hiyo alifika mapema, akavaa joho lake, akakaa kiti kilekile cha dirishani, akangoja. Zamani alingoja kwa hamu. Siku hizi alingoja kwa sababu goti la kushoto lilikuwa halitaki kusimama, na kwa sababu kungoja ndiyo kazi aliyoijua kuliko zote.

Mezani kulikuwa na kabrasha la bajeti, nene, limefungwa kwa kamba ya viatu. Ukurasa mmoja tu ndio uliomtoa nyumbani alfajiri kwenye matope. Humo Denis, afisa mipango wa halmashauri, alikuwa ameandika kwamba fedha za kumalizia maboma mwaka ujao ziende kwenye majengo matatu tu: nyumba ya walimu ya kata moja ya mpakani, zahanati moja ya upande wa magharibi, na zahanati ya Lufundu. Lufundu ilikuwa kata ya Hilaria.

Asiyejua boma la zahanati ni kitu gani avute kiti. Serikali husema, nyie anzeni, sisi tutamalizia. Basi wananchi huanza. Wanaume hufyatua tofali na kuzichoma, wanawake hubeba maji na mchanga, fundi hulipwa mahindi ikibidi, ukuta unapanda mpaka kwenye linta, juu ya milango na madirisha. Hapo wananchi hupangusa mikono na kutazama barabarani. Mbao, bati, milango, dari na rangi ni za halmashauri. Mwaka wa kwanza watu hutazama barabarani kwa furaha. Mwaka wa pili hutazama kwa adabu. Boma la Lufundu lilikuwa linapigwa na masika ya nne sasa, na kila masika wanawake wa Lufundu walikata nyasi, wakazifunga matita, wakapanda kwenye ngazi za miti na kuufunika ukuta kwa juu ili maji yasiingie kati ya tofali. Wenyewe waliita kulivisha boma kofia. Mara ya kwanza walilivisha kwa nyimbo na vigelegele, na Hilaria alikuwa anaongoza. Mara ya nne walifanya kimya, na Hilaria hakuwepo, alikuwa kwenye semina.

Alikuwa amewaahidi. Alisimama mbele ya lile boma, akavua kiatu kimoja, akakanyaga udongo kwa mguu mtupu, akasema bati litakuja kabla udiwani wake haujaisha. Ahadi ni deni, na udiwani wake ulikuwa unaisha mwaka huohuo, kwa kuwa ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Hii ndiyo iliyokuwa bajeti ya mwisho.

Sasa ugumu ulikuwa kwenye desturi ya pili. Kila mwaka wataalamu huandika majengo matatu, na kila mwaka madiwani hubadilisha. Anasimama mmoja, tena karibu kila mara ni Mzee Cletus, anasema si haki wachache wale na wengi watazame. Fedha zigawanywe sawa kwa kata zote. Meza zinapigwa makofi. Kura inapita. Kila kata inapata bati ishirini na mifuko michache ya sementi, kila diwani anarudi kwao na kitu cha kuonyesha, watu wanapiga picha na bati. Na boma linabaki boma, kwa maana bati ishirini haziezeki hata korido. Hilaria mwenyewe alipiga meza miaka mingi. Ilimchukua muda mrefu kugundua kwamba katika halmashauri nzima, kwa miaka yote ya kugawana sawasawa, hakuna jengo hata moja la wananchi lililopata kufuli mlangoni.

Mwaka huu alikuwa amejipanga. Tangu Krismasi alizunguka kwa bodaboda kata kwa kata, akinywa chai za watu na kuwabembeleza. Madiwani walikuwa kumi na tisa pamoja na wa viti maalumu. Tisa alikuwa nao, yeye mwenyewe akiwemo. Tisa walikuwa wa Cletus, na hao hawakusogea hata alipowaomba kwa jina la mama zao. Akabaki mmoja ambaye hakusema ndiyo wala hapana: Onesphore, diwani wa Tulieni.

Kikao kilifunguliwa kwa sala, kikafuatiwa na taarifa, na taarifa ikazaa taarifa. Mkurugenzi alisoma makadirio kwa sauti ya mtu anayesoma maelekezo ya dawa. Chama kilishasema neno lake moja, kwamba bajeti ipite leo, ipiteje hakikusema. Watu wakapiga miayo ndani ya majoho. Ilipofika ukurasa wa maboma, Mzee Cletus akasimama, na hakuna aliyeshangaa.

Cletus alikuwa mzee mzuri, na hilo ndilo lililokuwa tatizo lake. Hakuwa mwizi wala mchawi wa siasa. Alilelewa na baba mwindaji huko Mpimbwe, na aliamini kwa moyo wake wote kwamba mnyama akianguka porini kila aliyekuwa kwenye msafara lazima apate pande, hata aliyechelewa kwa kuchomwa na mwiba. Akaliambia baraza hivyo tena, kwa upole, kama alivyoliambia mwaka jana na mwaka juzi. Akamalizia kwamba haba na haba hujaza kibaba. Hilaria alimpenda, na alichoka naye kuliko alivyochoka na mtu yeyote duniani. Alitamani kumwambia kwamba kibaba chenyewe kina tundu, lakini Mwenyekiti Erasmus alikuwa tayari anatangaza mapumziko ya chai, na hakuna hoja inayoweza kushindana na supu.

Alimkuta Onesphore nyuma ya ukumbi, kando ya simtanki la maji, ana kikombe cha chai na chapati iliyokunjwa. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mpole, msemaji wa taratibu. Baba yake alivuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili; yeye alizaliwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba, uraia akaupata akiwa mtu mzima, na udiwani akaupata baada ya kushindwa mara mbili. Alimpisha Hilaria akae kwenye tofali lililokuwa kavu.

Hilaria hakuzunguka. Alimuuliza kura yake iko wapi.

"Mama, mimi kugawana sikutaki," Onesphore alisema. "Bati zetu za mwaka juzi zimekuwa ukuta wa choo cha ofisi ya mtendaji. Sementi iliganda, siku hizi watoto wanaikalia wakitazama mpira."

"Basi tuko pamoja."

"Hatuko pamoja, mama. Kwa Mzee Cletus napata bati ishirini. Kwenye matatu yenu sipati hata msumari. Nikirudi Tulieni mikono mitupu, watasema si tulijua, sisi ni wakuja."

"Sasa unataka nini?"

"Ondoa Lufundu, weka Tulieni. Ukifanya hivyo mkono wangu ni wako."

Hilaria alimwangalia kama mtu aliyeombwa figo. Akamuuliza kama anamuuzia kura. Onesphore akatikisa kichwa, akasema hamuuzii kitu, anamwambia tu jinsi atakavyopiga ili asije akashtuka ukumbini. Boma la Tulieni nalo liko kwenye linta. Ramani ni ileile, zahanati zote za serikali zina ramani moja, hivyo fedha haziongezeki wala hazipungui. Tofauti ni mto. Lufundu wana barabara. Mgonjwa wao akipakiwa kwenye bodaboda, tope lisipozidi, baada ya saa moja yuko hospitali ya Mpanda. Tulieni masika wanangoja maji yapungue.

Akaongeza kwamba dada yake Immaculata alijifungulia kando ya mto, huku waliombeba wakiwa bado wameshika baiskeli. Hilaria hakumuuliza habari za mtoto, maana yeye mwenyewe alikuwepo mtoto huyo alipozikwa.

Alirudi ukumbini akichechemea na hasira. Alimkasirikia Onesphore kwa kusema kweli. Alimkasirikia Denis kwa kuandika matatu wakati angeweza kuandika manne, ingawa alijua vizuri kwamba ukomo wa bajeti hupangwa Dodoma na huko hakuna anayejua Lufundu ni mtu au mboga. Alijikasirikia yeye. Hesabu ilikuwa nyepesi, hata mtoto wa darasa la kwanza angeifanya. Akiishikilia Lufundu, Onesphore ataenda kwa Cletus, zitakuwa kumi kwa tisa, fedha zitagawanywa, na hakuna mgonjwa hata mmoja atakayelala chini ya bati. Lakini yeye atarudi nyumbani na bati ishirini na udhuru safi: nilipigana, tukashindwa kura. Watampigia makofi. Huenda wakamchagua tena. Akiiondoa Lufundu, majengo matatu yatakamilika, la kwake halimo, na atakayekuwa amelitoa ni yeye kwa mdomo wake.

Lufundu ilikuwa imekosa bati kwa vyovyote vile. Kilichobaki kuamuliwa ni nani atalaumiwa.

Mjadala ukaendelea. Mmoja alisimama kuunga mkono hoja ya Mzee Cletus, akaunga mkono kwa muda mrefu mpaka akasahau anaunga nini. Mwingine akaomba mwongozo. Mwingine akaomba mwongozo kuhusu ule mwongozo. Angela, diwani wa viti maalumu na rafiki wa Hilaria tangu wakiwa wote kwaya ya parokia, alimsukumia peremende chini ya meza na kumnong'oneza kwamba Onesphore ana sura ya mtu aliyekubali, hongera.

Ndipo mvua ikaja. Haikuanza kwa rasharasha. Ilishuka yote kwa mara moja juu ya bati la ukumbi, na umeme ukakatika, na kipaza sauti kikafa mkononi mwa msemaji. Alijaribu kupaza sauti, mishipa ikamtoka shingoni, lakini hakuna aliyesikia neno. Mwenyekiti akamwonyesha kwa mkono akae. Hivyo madiwani wote na wataalamu wao wakakaa, hawana la kufanya, wakitazama juu. Bati la ule ukumbi lilikuwa zuri, jipya, la rangi ya kijani. Hakuna tone lililopita. Liliezekwa ndani ya mwaka mmoja, kwa sababu ukumbi wa halmashauri ulikuwa mmoja na haukuwa na mtu wa kugawana naye.

Hilaria naye alitazama juu. Alijua mvua ya namna ile ikitoka upande huo hufika Lufundu baada ya muda mfupi. Alijua nyasi za Novemba zimekwisha kuoza. Aliuona ukuta wa chumba cha wazazi, ule wa kona ya kusini, ambao tayari ulikuwa na ufa wa kupitisha kidole. Akamwona pia yule dada kando ya mto, ingawa hakutaka kumwona. Alihisi uchovu ambao haukuwa wa goti wala wa siku ile, uchovu wa kupiga meza na kusema ndiyo kwa miaka yote ile. Kama mvua ingenyesha mpaka jioni angeshukuru, kikao kingeahirishwa, na mtu mwingine angeamua.

Ikanyamaza ghafla kama ilivyokuja. Mwenyekiti akagonga meza na kuuliza kama kuna mchangiaji wa mwisho kabla ya kura. Hilaria akashika meza akainuka.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba orodha ibaki ya majengo matatu kama ilivyoandikwa," alisema. "Ila zahanati ya Lufundu itoke, iingie ya Tulieni."

Erasmus alivaa miwani, akafunua kabrasha, akavua miwani.

"Mheshimiwa, nadhani umechanganya. Lufundu ni kwako."

"Sijachanganya."

"Unasema itoke?"

"Itoke."

Akaeleza kwa kifupi kwamba Tulieni hawana njia masika na Lufundu wanayo, na kwamba yeye amechoka kugawana bati za kujengea vyoo. Akakaa. Mzee Cletus akaomba nafasi, akasema kwa huzuni isiyo na kejeli kwamba amekula chumvi nyingi lakini leo ndiyo kwanza anaona kuku anayejipeleka jikoni. Wachache wakacheka. Denis alikuwa ameinamisha kichwa, anakokotoa jambo pembeni ya ukurasa, kisha akamwambia Mkurugenzi kwa ishara kwamba hesabu haibadiliki.

Wakaanza na hoja ya Hilaria. Mwenyekiti akawataka wanaoiafiki wanyooshe mikono. Hilaria alinyoosha wake. Wale wawili wenye majengo kwenye orodha wakanyoosha, kwao hakukuwa na hasara. Wakafuata wengine aliokunywa chai zao, mmoja mmoja, wakimtazama kwanza usoni kama wanaouliza una hakika. Onesphore alinyoosha mkono wake juu kabisa, kiganja wazi, kama mtu anayeapa. Katibu akahesabu kwa ncha ya kalamu. Ilikuwa tisa.

Angela hakuwa amenyoosha. Alikuwa amemgeukia Hilaria, macho yamemtoka.

"Wale wanawake wa Lufundu wamebeba maji, Hilaria," alinong'ona. "Mimi nilikuwepo."

"Najua. Nyoosha."

Angela akanyoosha, akiwa ametazama ukutani. Kumi. Hoja ya Cletus ilipofuata ilipata tisa, na Cletus akashusha mkono wake polepole, akakunja kabrasha lake, akawa mzee ghafla. Kisha bajeti nzima ikaletwa kwa pamoja. Wanaoafiki waseme ndiyo, na wote wakasema ndiyo, ndiyo ndefu yenye njaa ndani yake, maana harufu ya pilau ilikuwa imeshaingia kwa mlango wa nyuma. Hilaria naye alisema. Mdomo ulisema wenyewe.

Pilau hakulila. Onesphore alimjia na sahani mkononi, akamshika mkono kwa mikono yake miwili na kuinama kidogo kama mtu anavyomwinamia mama mkwe. Hilaria akamwambia apeleke wazee wake wakasimamie mafundi, wasije wakawekewa mbao mbichi. Alitamani kufurahi. Jambo alilolitafuta kwa vipindi vitatu lilikuwa limefanyika mbele ya macho yake, kwa mara ya kwanza majengo matatu yangepata kufuli, na yeye alichosikia kifuani kilikuwa aibu tupu.

Bodaboda ilimfikisha Lufundu jua likiwa bado lipo, nguo imejaa tope mpaka magotini, joho limekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Alimwambia kijana amshushe bomani, si nyumbani. Nyumbani angekaa, na akikaa asingeinuka tena kwenda kuwaambia.

Wanawake walikuwa pale tayari. Mvua ilikuwa imepita, nyasi zote za juu ya ukuta zilikuwa chini zimelala kwenye matope, na kwenye kona ya kusini tofali za mistari miwili zilikuwa zimedondoka. Walikuwa wameleta matita mapya. Kati yao alikuwepo Hana, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, mwanamke wa umri wa Hilaria, na Evaline, mke wa Anselmo, mtoto wa kwanza wa Hilaria. Kwa namna walivyomwitikia salamu alijua kwamba habari zilitangulia. Kundi la simu la kata halikosi mtu ukumbini.

Akawaambia hata hivyo. Aliwaambia yote, Tulieni na mto na kura, na kwamba hakulazimishwa na mtu, mkono ulikuwa wake. Hakusema habari ya Immaculata, kwa sababu aliona si haki kujikinga na mtoto wa mtu. Alipomaliza, Evaline alikuwa bado ameshika tita la nyasi kifuani.

"Mama, tofali za hii kona nilibeba mimi," Evaline alisema. "Nilikuwa na mimba ya Hilaria mdogo. Uliniambia nibebe, huyu atakuja kuchanjwa humu."

"Nilikuambia."

"Sasa anasoma chekechea."

Evaline akaliweka tita chini, akaliweka vizuri wala hakulitupa, akafunga kanga yake na kuondoka kwa njia ya mashambani. Wanawake wawili wakamfuata, mmoja akisema kwa sauti ya kusikika kwamba Oktoba haiko mbali. Waliobaki walisimama tu. Hakuna aliyemtukana, na Hilaria aliona heri wangemtukana.

Hana ndiye aliyemsogelea. Walianza pamoja mambo haya, enzi za kuzunguka nyumba kwa nyumba wakiomba mahindi ya kumlipa fundi, na Hana hakuwahi kumwita Mheshimiwa hata siku moja.

"Mama Anselmo, nijibu kitu kimoja niende nacho kwa wenzangu," alisema. "Mwakani ni zamu yetu?"

Lilikuwa swali la kujibiwa kwa neno moja. Siku nzima Hilaria alikuwa ndani ya ukumbi ambamo neno hilo hutoka lenyewe, kwa bajeti, kwa sala, kwa kufunga mjadala, kwa pilau. Alilisema miaka kumi na tano kwa mambo asiyoyajua na kwa watu asiowaamini. Hana alikuwa amelisubiri, alishageuza na uso kwa wenzake kuwapelekea. Lingewatosha. Wangelala nalo.

"Sijui, Hana," alisema. "Mwakani mimi sitakuwemo mle ndani. Atakayekuwemo simjui, na orodha wataiandika upya. Sijui."

Usoni mwa Hana ilipita lawama ambayo Hilaria aliihofia njia nzima, kisha ikatoweka. Akakohoa, akapangusa mikono kwenye kanga.

"Siku zote ulikuwa unasema ndiyo," alisema.

"Siku zote."

Wingu lingine lilikuwa linapanda upande wa Mpanda. Hana akaokota lile tita aliloliweka Evaline, akalikung'uta tope, akampa Hilaria mikononi pamoja na kamba ya gome. Hilaria akavua viatu, safari hii vyote viwili. Ngazi ilikuwa ya miti iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, ikiteleza kwa maji, na wanawake wawili walikuja kuishika chini bila kuambiwa na bila kumtazama. Alipanda kwa mguu wa kulia, akivuta wa kushoto nyuma yake, mpaka kifua chake kikawa sawa na juu ya ukuta. Kutoka pale aliiona zahanati nzima, vyumba vyote, kila kimoja kina dimbwi lake.

Akatandaza nyasi, akapitisha kamba, akaanza kufunga. Hana akamwambia kutoka chini akaze zaidi upande wa chumba cha wazazi, maana huko ndiko maji yanakoanzia.